Likizo ya kuzamia kisiwani na kukutana na wanyama wa baharini: mwongozo kamili

Wengi hupanga safari ya kuzamia kwa kuanza na hoteli. Wanaona picha ya mchanga mweupe, wanalipia, wanapanda ndege, na siku ya pili wakiwa kwenye boti ndipo wanauliza, "Papa potwe tutawaona lini?" Kumbe papa potwe walikwishaondoka tangu miezi miwili nyuma. Anzia upande wa pili: mnyama unayetaka kumwona, halafu msimu wake, halafu kisiwa, halafu kiwango chako cha kuzamia. Hoteli iwe ya mwisho kabisa.

Mnyama kwanza, kalenda baadaye

Kasa ndio wepesi. Kwenye miamba mingi ya matumbawe ya ukanda wa joto utawakuta mwaka mzima, na Sipadan huko Malaysia ni maarufu kwa wingi wao. Ila huko vibali vya kila siku vina idadi maalumu, na asiyeweka nafasi mapema hubaki akizamia visiwa vya jirani. Si adhabu mbaya, lakini kama ulifuata Sipadan itakuuma.

Papa potwe ni habari nyingine. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, anaweza kufika mita 18, na bado chakula chake kikuu ni viumbe vidogo anavyovichuja majini. Chakula kinapojikusanya, naye yupo; kikitawanyika, hayupo. Kisiwani Mafia, Tanzania, msimu wake ni kati ya Oktoba na Machi. Ningaloo, magharibi mwa Australia, ni kuanzia Machi hadi Julai. Na jambo ambalo matangazo hayalisemi kwa sauti: mara nyingi papa potwe huogelewa naye kwa miwani, mrija na mapezi tu, kwa sababu hula karibu na uso wa maji na hasimami kukusubiri uvae mtungi wa hewa.

Manta, wale samaki bapa wakubwa wa jamii ya taa, nao wana ratiba yao. Ghuba ya Hanifaru, katika Atoli ya Baa huko Maldivi, hukusanya manta kwa makundi kati ya Mei na Novemba, na humo kuzamia kwa mtungi kumepigwa marufuku. Ni mrija tu. Ukitaka kuwaona manta ukiwa na mtungi, tafuta maeneo yenye "vituo vya usafi", yaani vichwa vya matumbawe ambako samaki wadogo huwatoa vimelea mwilini. Papa nyundo wa Darwin na Wolf, visiwa vya kaskazini kabisa mwa Galápagos, wanataka mzamiaji aliyekomaa: mkondo ni mkali, maji si ya joto unalolitarajia ikweta, na havifikiki ila kwa meli ya kulala humo humo. Tubbataha, Ufilipino, nayo huendewa kwa meli, na dirisha lake ni kama miezi mitatu tu, katikati ya Machi hadi katikati ya Juni.

Hapa kuna mtego. Msimu wa wanyama wakubwa na msimu wa maji maangavu mara nyingi havilingani. Manta na papa potwe wanakuja kwa sababu maji yamejaa viumbe vidogo, na maji yaliyojaa viumbe hivyo huwa na ukungu. Chagua: maji kama kioo, au mnyama mkubwa. Vyote viwili kwa wiki moja ni bahati, usivilipie kana kwamba umeahidiwa.

Angalia na mwezi angani. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupwa na kujaa kwa nguvu na mikondo kwenye milango ya bahari hukaza. Wazoefu hupenda siku hizo, maana mkondo unaoingia huleta papa mlangoni. Kama bado unajifunza, panga wiki ya maji mafu, mikondo inapolegea.

Kiwango chako, bila kujidanganya

Cheti cha kwanza kutoka mashirika ya mafunzo ya uzamiaji kama PADI au SSI kinakuruhusu kushuka hadi mita 18. Kinachofuata kinakupeleka hadi mita 30, na mpaka wa uzamiaji wa burudani ni mita 40. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuanza kozi. Asiyetaka kozi nzima anaweza kujaribu mara moja na mwalimu ubavuni, bila kuvuka mita 12. Kozi ya mwanzo haidai uwe bingwa wa kuogelea: kwa kawaida utaogelea mita 200 bila haraka ya saa, kisha uelee dakika 10.

Ushauri wangu ni huu: nadharia na mazoezi ya bwawani maliza kabla ya kusafiri, ukabakize mizamo ya baharini kisiwani. Ukifanya yote huko, siku mbili za likizo zitakwisha ukijibu maswali ya mtihani huku wenzako wakirudi na habari za kasa.

Mwenye cheti cha siku nyingi ambaye hajagusa maji kwa mwaka mzima, aombe mzamo wa kukumbushwa. Hakuna aibu ndani yake. Aibu ni kusahau kitufe cha kutoa hewa kwenye jaketi la kuelea ukiwa unapaa kama puto mbele ya watu wanane. Na usianzie mahali kama Komodo, Indonesia, kwa kuwa tu picha zake ni nzuri; mikondo ya pale haisomi vyeti.

Daktari na bima

Kila kituo cha uzamiaji cha kweli kitakupa fomu ya afya. Ijibu kwa ukweli. Pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, pafu lililowahi kupasuka, upasuaji wa karibuni: haya yote yanahitaji daktari anayeelewa uzamiaji aseme neno kabla ya wewe kulipa. Mjamzito asizamie kabisa. Ukienda kwenye malaria, mwambie daktari kwamba unakwenda kuzamia, kwa sababu dawa ya meflokwini inaweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, na dalili hizo zikitokea baada ya mzamo hakuna atakayejua ni dawa au ni ugonjwa wa mgandamizo, yaani viputo vya naitrojeni vinavyoweza kujitengeneza mwilini mzamiaji anapopanda.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi uzamiaji au huishia kina fulani. Soma maandishi madogo. Unachotaka kiwe kimeandikwa wazi ni matibabu ndani ya chemba ya mgandamizo, chumba maalumu cha kutibia ugonjwa huo, na usafiri wa dharura, kwa kuwa visiwa vingi vizuri viko mbali na chemba.

Kupima kituo kabla ya kukiamini

Kituo kizuri kinakuuliza maswali mengi kuliko unavyokiuliza wewe: cheti kiko wapi, mara ya mwisho ulizamia lini, umezamia mara ngapi. Kikikuchukua bila kuuliza chochote, rudisha mapezi yao ukutani uondoke.

Nawe uliza. Boti ina oksijeni? Kiongozi mmoja anachukua watu wangapi? Mimi nikisikia zaidi ya sita naanza kutafuta kwingine, na kwa wanaoanza kuzamia, wanne ni wengi wa kutosha. Chemba iliyo karibu iko wapi? Je, wanawalisha samaki au papa ili wageni wapige picha? Je, huita majina kabla ya boti kuondoka? Swali hili la mwisho linaonekana la kitoto, lakini watu wamewahi kuachwa baharini kwa sababu tu hakuna aliyehesabu vichwa.

Fungua kidogo hewa ya mtungi uinuse. Hewa safi haina harufu yoyote. Ikinukia mafuta au moshi, mtungi huo si wako.

Mzigo

Nunua miwani yako mwenyewe, na ukiweza kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa kuonyesha kina na muda. Mengine kodisha. Miwani hupimwa hivi: iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achilia mikono. Ikishika, inakufaa, ikidondoka, hata iwe ya bei gani, itaingiza maji. Miwani mipya isugue kwa ndani na dawa ya meno mara mbili tatu, la sivyo itajaa ukungu mzamo mzima.

Ongeza filimbi na boya jembamba la kupuliza, ili boti ikuone ukipanda mbali na wenzako. Suti ya kuzamia usiidharau kwa sababu ni nchi ya joto: maji huondoa joto la mwili kwa kasi kama mara 25 kuliko hewa, na kufikia mzamo wa tatu wa siku utatetemeka hata kwenye maji ya nyuzi 28. Mafuta ya kujikinga na jua yapunguze, uvae fulana ya mikono mirefu. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, imekataza tangu 2020 mafuta yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, na tangu 2017 kila mgeni hutia saini ahadi ya kutunza mazingira iliyogongwa kwenye pasipoti yake.

Mzamo wa kwanza

Uwe wa kina kifupi, mahali patulivu, hata kama una mizamo mia. Kazi yake ni moja: kupata uzito sahihi. Ukiwa juu ya maji, jaketi halina hewa na umeshika pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi uzame polepole. Kama mtungi ni wa alumini na bado umejaa, ongeza kama kilo mbili, kwa kuwa hewa ikiisha mtungi huo hupungua uzito na utaanza kukuvuta juu wakati ule ule unaotakiwa kutulia. Wanaoanza wengi hubebeshwa vipande vingi mno vya risasi vya kuongeza uzito. Huzama haraka, hujaza jaketi hewa kufidia, kisha hupiga miguu muda wote wakitimua mchanga.

Masikio sawazisha kabla hayajauma, kila mita moja: bana pua, puliza taratibu. Yakigoma, panda kidogo, jaribu tena. Yakigoma kabisa, mzamo umekwisha. Ukiwa na mafua usishuke, na usimeze dawa ya kufungua pua ili ulazimishe, maana dawa inaweza kuisha nguvu ukiwa chini na hewa ikakwama ndani wakati wa kupanda.

Sheria moja haina mjadala: ukiwa chini ya maji na mtungi, usibane pumzi kamwe. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Hewa ya mapafuni uliyoivuta ukiwa mita 10, ukipanda nayo hadi juu, hutanuka mara mbili. Ndiyo maana mita za mwisho, zinazoonekana nyepesi, ndizo za hatari zaidi. Panda taratibu, usizidi mita 9 kwa dakika, na simama dakika 3 kwenye mita 5 ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke bila kufanya viputo.

Hewa nayo ihesabu kwa kurudi. Mtungi huanza na mgandamizo wa baa 200 hivi kwenye kipimo chake. Ikifika 100 mwonyeshe kiongozi. Ikifika 50 uwe umekwisha kuufunga mzamo, hata kama ndiyo kwanza manta ametokea.

Kukutana na wenyewe

Katika moja ya mizamo yangu ya mwanzo nilimfukuza kasa. Nilipiga miguu kama mwendesha baiskeli anayekimbia mbwa, yeye akapunga mapezi yake mara nne akapotea. Nilimaliza nusu ya hewa yangu na sikuona kitu kingine. Mwenzangu aliyebaki nyuma, akielea juu ya jiwe moja, aliona pweza akibadili rangi, samaki mkunga akitoa kichwa, na yule yule kasa akirudi kula pale pale alipokuwa. Tangu siku hiyo nazamia kwa uvivu.

Na uvivu huo una ufundi. Jifunze kuelea katikati ya maji bila kupanda wala kuzama, kwa mapafu tu: vuta, unapanda kidogo, toa, unashuka. Pumua polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mikono ifunge kifuani. Miguu ipige kama ya chura, kwa upana, ili usitimue mchanga. Kwa papa nyundo, ambao hushtushwa na mapovu, utulivu huu ndio tofauti kati ya kuwaona na kusimuliwa.

Kasa mkaribie kwa ubavu, chini ya usawa wake, kisha simama. Anapumua hewa kama wewe, hivyo akianza kupanda usikae juu yake. Ng'amba, aina ya kasa, akiwa anang'oa sponji kwenye matumbawe anaweza kula dakika nyingi bila kukujali, mradi humgusi.

Manta kwenye kituo cha usafi: kaa pembeni ya kichwa cha matumbawe, si juu yake, ukiwa chini kabisa bila kugusa kitu hai. Kila mzamiaji anayeelea juu ya kituo humfanya manta ageuze. Ukitulia anapita mara kwa mara, wakati mwingine karibu kiasi cha kuona madoa ya tumboni. Usimshike, ngozi yake ina ute unaomkinga.

Papa potwe: kanuni za Ningaloo zinadai mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani, na waogeleaji wasiozidi 10 kwa wakati mmoja. Zichukue popote uendapo. Ingia majini bila kuruka, ogelea sambamba naye, usimkatize mbele. Akizama, mwache.

Papa wa mwambani kwa kawaida hukuangalia, hukata shauri kwamba huna faida, huondoka. Wasiwasi wangu uko kwa samaki aitwaye kikande, yule mkubwa aina ya titan, anapolinda mayai yake. Himaya yake imekaa kama faneli, inapanuka kuelekea juu, hivyo ukimkimbia kwa kupanda bado umo ndani ya himaya. Ogelea mlalo, mapezi yakiwa kati yako na meno yake.

Wengine hatari yao ni kukaa kimya. Samaki-jiwe hafanani na samaki hadi umkanyage. Taa hujifukia mchangani. Ukitembea maji ya magoti buruza nyayo badala ya kunyanyua. Makombe ya koni ni mazuri na baadhi yana sumu ya kuua, kwa hiyo usiokote kombe lolote lililo hai. Usiguse chochote, na utakuwa umemaliza nusu ya somo la usalama. Bonaire, kisiwa cha Karibi, wamekwenda mbali zaidi: hata glavu wamezikataza, maana mwenye glavu hushika.

Usiku, kiwango chako kikiruhusu, zamia angalau mara moja. Baadhi ya samaki pono hulala ndani ya mfuko wa ute walioutengeneza wenyewe, na pweza hutoka kuwinda. Mwishoni funika tochi kwa mkono, punga mwingine: kama bahari imekubali, cheche za viumbe vidogo zitawaka kwenye vidole.

Kamera iache bandarini kwa mizamo mitatu ya kwanza. Mtu anayetazama kioo kidogo hatazami kina wala hewa.

Mambo yakienda kombo

Mwenzako akipotea, mtafute dakika moja, kisha pandeni wote wawili, kila mmoja kwa taratibu zake, mkutane juu. Mkondo ukikuvuta chini kando ya ukuta wa matumbawe, usishindane nao wima. Ogelea mlalo utoke ndani yake huku ukiangalia kina. Hewa ikiisha, mwendee mwenzako, chukua kifaa chake cha akiba cha kupumulia, pandeni pamoja.

Maumivu ya viungo, ganzi, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu au vipele baada ya kuzamia vichukulie kuwa ugonjwa wa mgandamizo hadi daktari aseme vingine. Oksijeni safi mara moja, lala chali, wapigie wataalamu. Watu huchelewa kwa sababu wanaona haya kuharibu likizo ya wenzao, na dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa 24.

Miiba ya samaki-jiwe au taa: tumbukiza sehemu iliyochomwa kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90, huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Maji yapimwe na mtu ambaye hajachomwa, kwa sababu mwenye maumivu hawezi kuhisi kwamba anaungua.

Kuhesabu kurudi nyuma kutoka ndege

Hii ifanye kabla ya kununua tiketi. Baada ya mzamo mmoja wa kawaida, subiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege. Kwa mizamo mingi ya siku kadhaa, yaani likizo yako, saa 18. Mimi huweka siku nzima. Kupanda mlima mrefu kunahesabika kama ndege, hata kwa gari, kwa hiyo ule msitu wa kilele cha kisiwa uupangie mwanzo wa safari.

Siku hiyo kavu ina kazi. Vifaa vioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, vianikwe kivulini. Daftari la mizamo lijazwe kabla majina ya maeneo hayajachanganyika. Usinunue matumbawe, makombe wala pambo la gamba la ng'amba. Biashara ya kimataifa ya gamba hilo imekatazwa, na forodhani hawatauliza kama hukujua. Kisha pitia picha. Madoa ya ubavuni mwa papa potwe na ya tumboni mwa manta hayafanani kati ya mnyama na mnyama, kama alama za vidole, na watafiti huyatumia kuwatambua. Chagua picha zinazoonyesha madoa vizuri, andika tarehe na mahali, uziache kituoni wazifikishe.